Mtoto hupimwa uzito kliniki, lakini nani humuuliza mama hali?

Mzazi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaujua utaratibu. Mtoto huwekwa kwenye mizani, hudungwa chanjo, kisha uzito wake huandikwa kijitabuni. Mama huambiwa tarehe ya kurudi. Ni nadra aulizwe kama yeye mwenyewe analala, anakula, au kama amekuwa akilia usiku bila kujua sababu.

Swali hilo si la anasa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Mama aliye katika hali hiyo huona shida kumnyonyesha na kumchangamkia mtoto, kwa hivyo mtoto naye huumia. Akina baba pia hulemewa, hasa mtoto anapozaliwa wakati kazi imepotea au ndoa inayumba. Wengi wao hunyamaza wakiogopa kuitwa wanyonge.

Kisheria, Kenya imepiga hatua. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi isimzuie tena mtu kutafuta msaada.

Hata hivyo, haki iliyo kwenye karatasi haijamfikia mzazi wa kijijini. Wanasaikolojia wengi wako mijini, na si kila familia inayomudu ada za kliniki za kibinafsi.

Zimbabwe ilipata njia nyingine. Mwaka 2006, Dkt Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kenya inao wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliokabidhiwa vifaa vya kazi mwaka 2023. Wanabisha milangoni wakipima shinikizo la damu na sukari. Wakifunzwa vyema, wanaweza kuuliza maswali mawili zaidi: je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Kaunti zinazotafuta pa kuanzia zianzie hapo.

Wewe mzazi usingoje kaunti. Siku ya kliniki, mwambie muuguzi waziwazi: “Mtoto yuko sawa, mimi siko sawa.” Omba uelekezwe kwa mshauri nasaha katika hospitali ya umma iliyo karibu. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi, uliza amesomea wapi na kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Uliza pia ada ni kiasi gani na siri zako zitalindwa vipi. Mshauri mzuri hakuhukumu wala hakuamrishi uvumilie au uondoke kwenye ndoa. Hukusaidia kuona njia na kuchagua mwenyewe. Ukihudhuria vikao viwili au vitatu na bado huna uhuru wa kusema, tafuta mwingine. Hilo si utovu wa adabu.

Lakini kuna hali isiyongoja miadi. Mama akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mzazi yeyote akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo, na mtoto abaki na mtu mnayemwamini.