Uru Tano au Tatu Bila Turufu?

Wengi wetu huku Ugweno tumeijua turufu kwa kucheza wahedisiti. Humo kopa, shupaza, uru na pau zina heshima moja. Katika briji sivyo: turufu hupatikana kwa mnada, na aina hazilingani bei.

Tangu Mmarekani Harold Vanderbilt alipoupa mchezo huo sura yake mpya mwaka 1925, kinachopimwa ni ahadi. Wawili wanaoshirikiana huahidi watashinda mizunguko mingapi zaidi ya 6, kati ya 13. Kila mzunguko ulioahidiwa wa kopa au shupaza, yaani aina kuu, ni pointi 30. Wa uru au pau, aina ndogo, ni 20. Bila turufu, wa kwanza ni 40 na inayofuata ni 30. Ahadi ikifika 100 na kutimizwa, tuzo ni 300 au 500; isipofika, ni 50 tu. Basi kopa nne hudai mizunguko 10, tatu bila turufu hudai 9, na uru tano hudai 11.

Kwa hiyo tukiwa na kopa 8 baina yetu wawili, hapana haja ya kubishana, hata kama uru zetu ni nzuri zaidi. Hapo tunakubaliana na walimu wote wa mchezo.

Tunachokikataa ni mazoea ya kuzikimbia aina ndogo kila mara, eti 9 ni rahisi kuliko 11. Tuseme tuna uru 9, kopa na pau zetu ni imara, lakini kila mmoja wetu ana shupaza mbili dhaifu. Wapinzani wana shupaza 9, hivyo mmoja wao anazo 5 au zaidi. Bila turufu, wakianza na shupaza watakula mizunguko 5 kabla hatujagusa kitu. Tutabaki na 8, na ahadi imevunjika. Uru zikiwa turufu, watakula mbili, ya tatu tutaikata, na 11 zinatimia.

Tatizo ni kulijua pengo hilo mapema, kwa maana mwenzako haruhusiwi kukuonyesha karata wala kukukonyeza. Mnada ndio ulimi pekee halali. Mkishakubaliana uru tatu, usirukie bila turufu kwa tamaa ya njia fupi. Taja kopa tatu: mwenzako ataelewa kwamba kopa umezilinda na shupaza zinakutia shaka. Akiwa na mfalme wa shupaza na ndogo mbili au tatu chini yake, aseme tatu bila turufu. Akiwa hana kinga, arudi kwenye uru, nawe usimkasirikie kwa kukupeleka kwenye 11.