Rangi ya ganda isimpunje mfugaji wa kuku wa kienyeji

Mama mwenye mitetea minane uani anapopeleka trei moja ya mayai gengeni, mnunuzi huanza kwa kuchambua. Meupe na yale ya rangi ya maziwa huwekwa upande mmja na kulipwa bei ya kienyeji. Ya kahawia huwekwa kando, na mama huambiwa hayo ni ya kisasa: achukue bei ya kisasa au arudi nayo nyumbani.

Wengi huchukua, kwa kuwa hawana la kujibu. Jibu lipo, na ni vyema wafugaji wakalijua.

Rangi ya ganda huamuliwa na ukoo wa kuku, si chakula wala banda. Leghorn, kuku mwenye asili ya Italia, hutaga mayai meupe hata akilelewa kijijini kwa pumba na wadudu. Rhode Island Red wa Marekani hutaga ya kahawia popote alipo. Ganda huchukua takriban saa 20 kujengeka tumboni mwa kuku, na rangi ya kahawia hupakwa mwishoni kabisa, kama rangi ya ukutani. Ndiyo maana ukivunja yai la kahawia, upande wa ndani wa ganda ni mweupe. Kilichomo ndani ya yai hakibadiliki kwa rangi hiyo.

Sasa, kuku wa kienyeji wa leo ni mchanganyiko. Majogoo wa Rhode Island Red walisambazwa vijijini miongo mingi iliyopita ili kuboresha kuku wa asili, na miaka ya karibuni wameingia Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa. Damu hizo zote zinazunguka uani. Mitetea wa familia moja wanaweza kutaga mayai meupe, ya maziwa, ya kahawia hafifu na ya kahawia iliyokolea, wote wakichakura jalala lilelile.

Kwa hiyo trei yenye rangi mchanganyiko ndiyo inayofanana zaidi na kuku wa nyumbani. Trei ya mayai 30 meupe yanayolingana kama yametoka kiwandani ndiyo ya kutiliwa shaka. Anayetaka kudanganya hahitaji mengi: anatafuta mayai meupe ya kuku wa kisasa, au yale madogo ya kuku wanaoanza kutaga, anayaita kienyeji. Mnunuzi anayechagua kwa rangi anamfungulia mlango tapeli na kumfungia mkweli.

Kiini cha njano nacho si ushahidi. Mahindi ya njano na majani mabichi humpa hata kuku wa kisasa kiini kilichokolea, na kienyeji aliyelishwa mahindi meupe tu atatoa kiini kilichopauka.

Kwa mfugaji mwenyewe, rangi hizo ni daftari. Kila mtetea ana yai lake, kwa rangi, umbo na madoa, na halibadiliki sana ingawa kahawia hupungua kidogo kadiri msimu wa kutaga unavyosonga. Yai la mtetea mweusi lisipoonekana siku tatu, mwenye kuku anajua amuulize nani: ameanza kuatamia, anaugua, au anataga kwenye kichaka cha jirani. Kuku wa asili anayetaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka hana mayai ya kupoteza.

Wapo pia wanaoulizia kuku wa mayai ya buluu, ukoo wa Araucana kutoka Chile. Rangi hiyo ni ya kweli, na tofauti na kahawia, hupenya ganda hadi ndani. Lakini genge linalokataa yai la kahawia litalipokeaje la buluu? Kwa sasa huo ni ufugaji wa kujifurahisha.

Kinachouzika kwa uhakika ni yai bichi, yaani la karibuni. Andika tarehe kwa penseli kwenye ganda siku lilipotagwa. Mbele ya mteja tia yai kwenye bakuli la maji: la karibuni hulala chini, la zamani husimama, lililochakaa huelea. Nyumba tatu au nne zikiunganisha mayai yao, trei hujaa kabla ya wiki kwisha, na zinaweza kumpelekea mama ntilie au duka moja kila Jumamosi bila kuchambua rangi, bei moja kwa trei nzima. Akitaka meupe peke yake, alipe zaidi kwa kazi ya kuchambua.