Nifolo nikufolo haiuzi kuku

 

Kuna swali ambalo siku hizi naulizwa kwenye mafunzo ya vijana hata kabla ya swali la mbolea: "Bwana shamba, mtu akiifolo akaunti ya shamba langu, ni lazima na mimi nimfolo?" Wengine hawaulizi, wameshaamua. Wako kwenye makundi ya nifolo nikufolo, asubuhi wanabonyeza majina 50 ya watu wasiowajua, jioni wanahesabu wameongezeka wangapi.

Msimamo wangu ni huu: akaunti ya biashara ya kilimo haina deni la kumfolo kila anayeifolo. Mfolo mtu anayeweza kununua kwako, kukuuzia, kukubebea mzigo au kukufundisha. Wengine wajibu vizuri, washukuru, basi.

Kuku hawasubiri wafuasi

Tuchukue kuku wa nyama, maana vijana wengi mmeanzia hapo. Umeingiza vifaranga 500. Wiki ya tano wako tayari kwenda sokoni. Kuku wa umri huo anakula gramu 150 au zaidi kwa siku. Zidisha kwa 500, unapata kilo 75. Mfuko wa chakula una kilo 50, kwa hiyo kila siku inayopita bila mnunuzi, mfuko mmoja na nusu umekwenda. Ni kweli wanaongezeka uzito, lakini kadiri umri unavyosogea ndivyo chakula kingi kinavyoleta nyama kidogo. Na mama wa chipsi kuku ana saizi yake. Ukimletea kuku mkubwa kupita hapo, bei haipandi.

Kwenye nyanya hali ni mbaya zaidi. Kuku unaweza kumlisha siku mbili tatu zaidi. Nyanya ikishaiva imeiva, na dalali akijua hivyo anakupangia bei anayotaka yeye.

Sasa siku hiyo unafungua simu. Una wafuasi 6,000. Ni kina nani? Kama uliwapata kwa kubadilishana, kuna muuza mawigi, muuza simu, fundi wa makochi, vijana kadhaa wanaofuga kuku kama wewe, na watu wa mikoa ya mbali ambako mzigo wako hauwezi kufika. Kila mmoja alikufolo ili umfolo. Ni sawa na gulio ambalo wote waliofika ni wauzaji: kila mtu kashika bidhaa yake juu, hakuna mwenye kikapu.

Idadi kubwa, macho machache

Biashara ni matangazo, hapo sibishi. Lakini tangazo lina maana likimfikia mtu anayelihitaji. Mwaka 2021 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza hadharani jinsi mtandao huo unavyopanga posti. Hauweki kila posti mbele ya kila mfuasi kwa usawa. Unakisia nani atavutiwa nayo, kwa kuangalia mambo kama watu wangapi wameipenda na kama huyo mtu ana kawaida ya kuwasiliana na wewe, kwa mfano kukomenti. Mfuasi wa kubadilishana halaiki, hakomenti, hana alichofuata kwako. Kwa hiyo unaweza kuwa na 6,000 na posti yako ikaonwa na wachache kuliko ya jirani mwenye 400 wanaokula kuku kweli.

Hasara ya pili iko kwenye simu yako mwenyewe. Instagram hairuhusu kufolo akaunti zaidi ya 7,500, na Facebook marafiki mwisho ni 5,000. Lakini hata kabla hujafika huko, ukurasa wako unakuwa umeshajaa. Mwenye hoteli ya mjini kwenu anaposti kwamba anatafuta mtu wa kumletea kuku kila wiki, posti inapita katikati ya mawigi, hukuiona. Na bando ulilotumia kutazama mawigi ni lako.

Ya tatu ni jina. Mtu anayekufahamu akifungua akaunti ambayo umeifolo, anaweza kuona jina lako kati ya wanaoifuata. Sasa fikiria akaunti inayojitangaza kuuza vifaranga, inataka malipo ya awali kwa simu. Mteja wako anaona jina la shamba lako pale, moyo unatulia, anatuma hela. Vifaranga haviji. Wewe hujamwibia mtu, lakini jina lako lilisimama pale kama mdhamini.

Lakini si ni kuringa?

Hoja hii naiheshimu, maana kwetu salamu hujibiwa. Ila tusichanganye. Salamu ya mtandaoni ni komenti na ujumbe. Mtu akiandika "kuku bei gani?" ukakaa siku mbili hujajibu, hiyo ndiyo dharau, na kibaya zaidi ni hela imepita. Kumfolo mtu ni kumwambia aje na habari zake mlangoni kwako kila siku. Hata kijijini unasalimia wote njiani, lakini hukaribishi wote sebuleni.

Kama una ndugu na marafiki wanaonuna, wafolo kwenye akaunti yako binafsi. Akaunti ya shamba iache ifanye kazi ya shamba.

Wa kuwafolo

1. Wanunuzi wa karibu: hoteli, migahawa, mabucha, wapishi wa sherehe, maduka ya mboga. Hawa usisubiri wakufolo. Anza wewe, komenti kwa adabu, ulizia wanahitaji kiasi gani na kwa siku zipi.

2. Wenye pembejeo na vifaranga unaowafahamu, ambao umefika dukani kwao au umeuziwa ukaridhika.

3. Wasafirishaji wa njia yako. Gari linalorudi mjini tupu linaweza kukupunguzia nauli ya mzigo.

4. Wakulima wenzako wachache wa zao lako, wa eneo lako. Hapa wengine watanishangaa, si ni washindani? Mnunuzi akitaka matenga 100 ya nyanya na wewe una 40, mshindani wako ndiye anayekamilisha gari. Kumi kama hao wanatosha, hawahitajiki elfu.

5. Wataalamu: vyuo, taasisi za utafiti kama TARI, halmashauri yako, madaktari wa mifugo.

WhatsApp ni habari nyingine

Kuna sehemu moja ambapo kurudisha ni lazima, na ndipo vijana wengi mnapozembea. Kwa kawaida, stetasi ya WhatsApp huonekana pale tu ambapo wewe umehifadhi namba ya mteja na yeye amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosa, hakuna kinachoonekana. Hata ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 haimfikii ambaye hajahifadhi namba yako.

Lakini nikishika simu ya mkulima aliyeuza kuku mwezi uliopita, nakuta namba tupu zisizo na majina. Hao walishakupa hela! Ndio wa kuwarudishia. Ukimkabidhi mteja mzigo, mwombe palepale ahifadhi namba yako, na wewe andika jina lake pamoja na kazi yake: "Mama Asha chipsi stendi, kuku 10, Ijumaa." WhatsApp Business ni bure na ina lebo za kuwapanga wateja. Ukiwa na majina 80 ya namna hiyo, vifaranga wakiwa na wiki ya tatu unaanza kupokea oda, na wiki ya tano unajua kila kuku anakwenda wapi.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili. Toka kwenye makundi ya nifolo nikufolo, uache kuwafolo ambao hawahusiani na shamba lako. Fanya kidogokidogo kila siku, maana ukiondoa wengi kwa mpigo Instagram inaweza kukufungia kwa muda. Halafu pitia namba zote zilizokupigia msimu uliopita, kila moja ipe jina. Idadi ya wafuasi itashuka, na roho itauma kidogo. Banda likiwa tupu siku ya 35 na hela iko mkononi, utakuwa umeshasahau.

Kazi njema.