Kiwango cha kuyeyuka cha kemikali kijulikane hadi duka la pembejeo

Msimu wa kupulizia mikorosho unapofika, maduka ya pembejeo ya Mtwara na Lindi hujaza mifuko ya salfa ya unga, dawa ya ubwiriunga. Katika duka dogo si ajabu kuikuta mifuko hiyo imepangwa pamoja na mbolea, huku dumu la mafuta ya taa likiwa pembeni. Mwenye duka anajua bei ya kila mfuko. Asichoambiwa ni kemikali hizo huyeyuka kwa joto la nyuzi ngapi, na jambo hilo linaweza kuamua kama moto mdogo utazimwa au utateketeza duka zima.

Kupima kiwango cha kuyeyuka si kazi ngumu kwa maabara. Kemikali hukaushwa, husagwa na kushindiliwa ndani ya kijibomba chembamba cha kioo kilichozibwa upande mmoja. Kisha hupashwa joto polepole, na mpimaji huandika nyuzi ambazo tone la kwanza linaonekana na zile ambazo punje ya mwisho inayeyuka. Matokeo huwekwa katika sehemu ya 9 ya karatasi ya usalama ambayo mtengenezaji huitoa kwa kila kemikali.

Kwa salfa, jibu ni kati ya nyuzi joto 115 na 119 za Sentigredi, yaani juu kidogo tu ya maji yanayochemka. Maana yake ni kwamba moto ukishika kona moja ya stoo, salfa haingoji. Huyeyuka, hutiririka sakafuni ikiwaka na kuupeleka moto kwenye mifuko mingine. Mwali wake ni wa buluu hafifu, usioonekana vizuri mchana, na moshi wake hukaba pumzi.

Amoniamu nitrati, ambayo ni sehemu kubwa ya mbolea ya CAN, huyeyuka kwa nyuzi 169 hivi, karibu na joto la mafuta ya kukaangia maandazi. Ndani ya CAN imechanganywa na chokaa, hivyo hatari yake ni ndogo zaidi. Lakini ikiwa peke yake, ikayeyuka ndani ya moto na kuchanganyika na uchafu au mafuta, inaweza kulipuka. Agosti 4, 2020, tani 2,750 zilizohifadhiwa katika bandari ya Beirut, Lebanon, zililipuka baada ya ghala kushika moto, na watu zaidi ya 200 walikufa.

Urea nayo huyeyuka kwa nyuzi 133. Ajabu ni kwamba urea ikichanganyika na amoniamu nitrati, mchanganyiko huo huyeyuka kwa joto la chini sana kuliko kila moja peke yake, na hunyonya unyevu hadi kuwa uji. Ndiyo sababu urea na CAN hazichanganywi wala kumwagikiana stoo. Mkulima anayezichanganya ili kuokoa muda hupoteza fedha zake.

Kipimo hiki pia husaidia kukamata uchakachuaji. Kemikali safi huyeyuka ndani ya nyuzi chache tu. Iliyochanganywa na kemikali nyingine mara nyingi huanza kuyeyuka mapema na kuchukua muda mrefu kumalizika. Salfa iliyoongezwa udongo huacha udongo huo bila kuyeyuka. Hata hivyo, kazi hii ni ya maabara. Mkulima asithubutu kuijaribu jikoni.

Sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Viuatilifu vina mamlaka yake, TPHPA, na mbolea ina TFRA. Kinachotakiwa ni taarifa zinazopimwa maabara zisiishie kwenye faili la mwagizaji. Karatasi ya usalama iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee haimsaidii muuzaji wa Masasi wala Tunduru. Mwagizaji atakiwe kuambatanisha ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila shehena: inayeyuka kwa nyuzi ngapi, isiwekwe karibu na nini, na ikiwaka ifanyweje. Wakaguzi nao waulize ukurasa huo kama wanavyouliza leseni.

Wafanyabiashara hawahitaji kungoja agizo. Salfa ikae mbali na mbolea zenye nitrati, mafuta na moto wa aina yoyote. Urea ipewe upande wake. Mifuko iinuliwe juu ya mbao, na unga uliomwagika ufagiliwe taratibu bila kuutimua vumbi, kwa kuwa vumbi la salfa hushika moto kwa cheche ndogo. Hatua hizo hazina gharama kubwa. Duka likiungua, mtaji wa miaka mingi huondoka kwa usiku mmoja, na wakulima waliokuwa wakilitegemea hukosa dawa katikati ya msimu.