Nyonga za watoto wachanga: Wapimwe wote au wachache?

TANGU mwaka 1992, Austria imekuwa ikimpima nyonga kila mtoto anayezaliwa nchini humo kwa ultrasaundi. Ujerumani ilifuata mwaka 1996. Uingereza na Marekani hazijakubali kupima wote, na mabingwa wa mifupa wangali wanavutana.

Kinachobishaniwa si kitu kidogo. Mtoto ambaye kichwa cha mfupa wake wa paja hakijatulia sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga haoneshi maumivu yoyote. Akigunduliwa katika wiki za mwanzo, huvalishwa mikanda ya Pavlik inayoiweka miguu ikiwa imekunjwa na kutanuliwa, mkao usiotofautiana sana na wa mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga, na wengi hupona. Akigunduliwa baada ya kuanza kutembea huku akichechemea, mara nyingi hulazimika kufanyiwa upasuaji.

Eksirei haisaidii mapema. Kichwa cha paja la mtoto mchanga bado ni gegedu, ambayo haionekani katika picha hiyo mpaka mfupa uanze kujengeka, kwa kawaida kati ya miezi minne na sita. Ndiyo maana mbinu iliyochapishwa mwaka 1980 na daktari wa Austria, Reinhard Graf, ilipokewa kwa hamu. Ultrasaundi huionesha gegedu, na mpimaji hukokotoa pembe ya kikombe. Nyuzi 60 au zaidi humaanisha nyonga imekomaa. Hata hivyo, kifaa kikiinamishwa kidogo tu pembe hubadilika, hivyo mashine nzuri katika mikono isiyofunzwa yaweza kupotosha.

Nchini Uingereza, nyonga za kila mtoto hukaguliwa kwa mikono. Ultrasaundi huagizwa kwa wanaotiliwa shaka, waliotanguliza matako tumboni, au wenye ndugu wa karibu aliyekuwa na tatizo hilo. Hofu iliyopo ni kwamba kupima wote kutawavalisha mikanda watoto ambao nyonga zao zingekomaa zenyewe.

Hofu hiyo ina msingi. Utafiti uliofanyika Bergen, Norway, na kuchapishwa mwaka 1994, ulihusisha watoto 11,925. Waliochelewa kugunduliwa walikuwa 0.3 kwa kila 1,000 pale walipopimwa wote, na 1.3 pale walipokaguliwa kwa mikono pekee. Lakini waliotibiwa walikuwa asilimia 3.4 dhidi ya asilimia 1.8. Kitakwimu, tofauti ya waliochelewa haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati nasibu, na kila upande umeendelea kuutumia utafiti huo kutetea hoja yake.