Nilikwenda kwa Mshauri na Daftari la Makosa ya Mume Wangu

Mwezi huu siwaletei ya fulani na fulani, naleta yangu. Kuna swali nimeulizwa na akina dada wa ofisini, na makaka wawili kwa sauti ya chini kabisa: "Hivi ukienda kwa mshauri wa kanisani, unafanywaje?" Basi leo nawaambia nilichofanywa.

Mimi ni binti wa Newala, Mmakonde, ila nafanya kazi benki, Masasi. Mume wangu ni Mmakua wa Masasi, naye kazi ikampeleka Newala. Yaani kila mmoja anaishi kwa wakwe zake! Tunaonana wikiendi tu. Mashoga walituonea wivu, eti ndoa ya wikiendi haichoshi. Jamani! Mwaka wa tatu tulikuwa tunapokeana Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tumeshanuniana. Ugomvi wenyewe ulikuwa pikipiki. Hela za korosho za shamba aliloachiwa na mjomba wake, ambazo mimi nilijua zinakwenda kununua mabati, zilirudi nyumbani zikiwa na matairi mawili.

Kwetu kusini ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo ndoa ikiyumba wanaitwa wajomba. Wakaitwa. Wangu akanitetea, wake akamtetea. Mume akaambiwa amekosea, akaomba radhi, kuku akachinjwa, wazee wakala wakaondoka wameridhika. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Ndipo mwenzangu wa kaunta akaninong'oneza habari za mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyesomea unasihi, anayekaa chumba kidogo nyuma ya kanisa siku za Alhamisi. Nikampigia mume simu. Akacheka: "Mambo ya chumbani kwangu uyapeleke kanisani, Jumapili yasomwe pamoja na matangazo ya ndoa?" Nikaenda peke yangu.

Siku ya kwanza

Nilikwenda na daftari. Kurasa tatu za makosa yake, na tarehe nimeandika! Nikaamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akanisogezea kiti karibu na dirisha. Kwanza akanieleza utaratibu: tutakaa saa moja, nitakayosema hayatatoka nje ya mlango ule, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kisha akaniuliza kama ningependa tuanze kwa sala au tumalizie kwa sala. Mimi nilidhani nitawekewa mikono kichwani nikemewe pepo wa ugomvi. Nikasema tumalizie.

Nikalishika daftari langu. Yeye akauliza: "Mwanangu, mume wako akifika Ijumaa, nani anamsalimu mwenzake kwanza?"

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Nikakuta si kweli. Hatukuwa tunasalimiana. Akauliza tena, polepole: "Tangu lini?"

Jibu lilitoka lenyewe: tangu hospitali. Tangu mimba yangu ya miezi mitano ilipoharibika. Pikipiki ilinunuliwa mwezi uliofuata. Kwa mwaka mzima sikuwa nimelitaja jambo lile kwa mtu, na mume wangu naye hakulitaja, tukawa tunagombania pikipiki. Nililia mpaka saa ikaisha. Daftari lilirudi nyumbani ndani ya mkoba, halijafunguliwa.

Kicheni pati nilipewa sufuria, vikombe na maneno mengi ya kumtunza mume. Hakuna aliyenifundisha namna ya kulia pamoja naye.

Tusichanganye mambo

Wengi wetu tunaogopa kwa sababu tunadhani tunakwenda mahali pengine. Kwanza, unasihi si kitubio. Kwa padri unakwenda kuungama dhambi zako. Kwa mshauri unakwenda kuelewa maisha yako, na si kila kinachouma ni dhambi. Mimi nilikuwa nimeshajishawishi kwamba Mungu ananiadhibu. Yule mama hakunipa mstari wa Biblia wa kuninyamazisha. Aliniuliza tu nani aliniambia hivyo.

Pili, si baraza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka wanandoa wapitie kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani, ingawa kuna mazingira ambayo sheria yenyewe inaruhusu kulivuka. Mabaraza hayo yapo kwenye kata, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na ya kwao. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Mshauri hatoi hati, wala hatamki nani mwenye kosa. Ukienda ili mwenzio ahukumiwe utarudi na daftari lako kama mimi.

Tatu, si lazima uwe na "tatizo lile". Nilipotoka siku ya kwanza nina macho mekundu, jirani alinivuta pembeni: "Mwanangu, umepima?" Simlaumu. Miaka ya 2000 maneno "ushauri nasaha" yalitufikia wengi yakiwa yameshikana mkono na kupima virusi vya ukimwi, kwa hiyo ukisema unapata ushauri, mtu anakuangalia usoni kama umepungua.

Na kama mzee wa ukoo wako anasema mambo ya kanisa na mambo ya mafundisho ya nyumbani hayachangamani, mkumbushe Masasi hii hii. Mapema karne ya 20, Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi, alishirikiana na Wakristo wa hapa kuweka jando la Kikristo: vijana walitahiriwa na kufundwa, huku na padri yupo. Kwa hiyo mtu wa dini kukaa kitako kufunda watu maisha, kwetu si jambo la jana.

Uliza kabla hujafunguka

Usione aibu kuuliza. Amesomea wapi kazi hii? Siri yangu inaishia wapi? Tutakutana mara ngapi? Nalipa au silipi? Akiona makubwa kuliko uwezo wake, atanipeleka kwa nani? Yule wangu alinijibu yote bila kununa. La mwisho alilijibu vizuri zaidi: kama usingizi ungeendelea kunipotea na chakula kutopita, tungekwenda wote hospitali kumwona daktari, maana sonona ni ugonjwa, na sala haizuiwi na kidonge.

Jua pia kwamba utaumia kabla ya kupata nafuu. Wiki ya pili nilitaka kuacha. Nilikuwa nimefukua kitu na sijui nikiweke wapi. Rudi tu.

Ila kuna pa kuondoka mbio. Mshauri akikwambia vumilia kipigo kwa sababu wewe ni mke, ondoka. Kipigo ni kesi: kuna dawati la jinsia polisi, na kuna fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Akigeuza habari yako kuwa ushuhuda wa Jumapili, hata bila kutaja jina, ondoka. Akisema ndoa yako haitapona mpaka utoe sadaka ya kiasi fulani, ondoka na usiage.

Na mume je?

Alikuja mara ya tatu. Sikumbembeleza. Nilimwambia tu kwenye simu: "Jana nimemsimulia mama habari za mtoto." Kimya. Kisha akasema, "Alhamisi naomba ruhusa kazini." Akashuka kutoka Newala na ile ile pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope.

Tulipewa kazi ya nyumbani: kila wikiendi dakika 20 za kuongea, simu zimezimwa, mmoja akisema mwingine asijitetee. Wikiendi ya kwanza nilipanda mimi Newala. Tulikwenda Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako. Zamu ilikuwa yake. Dakika kumi hivi hakusema neno, na mimi, mnanijua nilivyo, niliuma ulimi. Halafu akatamka jina. Alikuwa amempa mtoto jina. Mwaka mzima analijua yeye peke yake.

Alisema alinunua pikipiki kwa sababu usiku ule nilipougua huko Newala alihangaika sana kupata usafiri, akajiapiza kwamba haitatokea tena. Mimi kwenye daftari nilikuwa nimeandika "ubinafsi".

Msidhani sasa ni raha mustarehe. Mabati bado hayajatosha, tunagombana bado, na kuna Alhamisi tulitoka kwa mama hatusemeshani mpaka stendi. Lakini Ijumaa akifika, tunasalimiana. Nani anaanza? Inategemea nani kauwahi mlango.

Kwa hiyo wewe unayesitasita, mwenzio akikataa, tangulia peke yako. Daftari unaweza kulibeba, ila usishangae likirudi halijafunguliwa.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.