Mbona Anacheza Peke Yake?

Nilipokwenda Dundori, kule juu ya Nakuru, kumzuru rafiki tuliyefanya kazi pamoja Mombasa, nilichukua kitabu cha Joy Adamson, The Peoples of Kenya, kilichotoka mwaka 1967. Baridi ya Dundori kwa mtu wa pwani si mzaha, na jioni hapana la kufanya ila kukaa jikoni karibu na moto. Basi nikakifungua. Mamake rafiki yangu, mtu mzima sana, akaikazia macho picha ya kijana wa Kikuyu aliyejipamba kwa ngoma, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu amevaa sawasawa. Lakini wenzake wako wapi? Mbona anacheza peke yake?"

Sikuwa na jawabu, na swali hilo limenifuata mpaka nyumbani.

Wengi wetu twamjua Bibi Adamson kwa habari za simba wake Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji. Alizaliwa mwaka 1910 katika dola ya Austria, akaja Kenya mwaka 1937, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya nchi hii, kwa rangi za maji, pamoja na mavazi na mapambo yao, kwa kuwa mambo hayo ati yalikuwa yakitoweka. Alizunguka miaka kadhaa, hata pwani kwetu alifika, akatoa picha zaidi ya 500. Nyumba yake, Elsamere, iko ufukoni mwa ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa hilo hilo.

Hapa nitie neno langu. Mila zile hazikuwa zikifa kwa maradhi. Waliokuwa wakizipiga vita walikuwamo katika utawala na misheni, na ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, mkusanyiko wa Wakikuyu ukawa jambo la kushukiwa. Kwa mkono mmoja ngoma inazimwa, kwa mkono wa pili anatumwa mtu kuichora.

Kazi ya mama yule naisifu. Mwenye macho ataona kila ushanga umewekwa mahali pake. Ila picha nilizoziona mimi ni mtu mmoja katika karatasi tupu, na maelezo ni kabila na cheo. Pale pale jikoni nilielezwa habari za ndome, ngao ndogo ya mti waliyoivaa vijana mkononi, juu ya kiwiko, katika ngoma za kuelekea jandoni. Michoro yake ya nje ilikhitalifu kwa mahali na kwa rika. Yaani hata pambo lenyewe lilikuwa likisema: huyu ni wa watu fulani. Ukimtenga na rika lake, umechora nguo.

Haikulazimu iwe hivyo. Kule New Mexico, Marekani, serikali nayo ilizibana ngoma za ibada za Wapueblo. Amri za kuzizuia zilitolewa tangu mwaka 1883, na katika miaka ya 1920 zikakazwa tena. Wakati huo huo vijana wa miji ile wakashika brashi wenyewe. Crescencio Martinez wa San Ildefonso, aliyefariki mwaka 1918, mpwa wake Awa Tsireh, na mwanamke Tonita Peña, walichora kwa rangi za maji ngoma walizozijua tangu utotoni. Karatasi yao nayo ni tupu, haina mbingu wala ardhi, lakini wachezaji mara nyingi wamepangwa safu, na wapiga ngoma wapo. Tena wenye mila walishika mpaka: mambo mengine ya ibada si ya kuonyeshwa wageni.

Jambo la mpaka sisi twalifahamu. Kuna maulamaa wanaoharimisha kuchora viumbe na kuna wanaolegeza, nami si mtu wa kuwaamua. Mafundi wetu walichonga milango kwa maua na majani, hawakuchonga watu. Hilo si ila. Ila yetu ni kwamba tuliacha pia kuandika. Goma la Lamu na kirumbizi wakati wa maulidi, lelemama ya akina mama wa Mombasa: nani anasimama wapi, nani anaanza, bakora yashikwaje, nani alikuwa fundi wa chama kipi? Kalamu haikuharimishwa kwetu, na watu wa tenzi tunao. Wakongwe waliocheza lelemama wamebaki wachache, na wajukuu wanangoja mgeni aje na kamera.

Ama picha za Bibi Adamson, nyingi zimo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ningeomba nakala zipelekwe kule zilikotoka, Dundori na kwingineko, zitandikwe mbele ya wazee wasemao kama mama yule. Alipokishika kitabu mara ya pili usiku ule, alianza kuwataja kwa vidole waliopasa kusimama kushoto na kulia kwa kijana. Alifika wa saba, ndipo chai ikaletwa.